Mpiga chapa aliyehamishia herufi zote mkono wa kulia

Saa mbili na nusu asubuhi, mashine za kukaushia nywele zimeshaanza kuunguruma. Nyuma ya saluni, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya taulo na mafuta, mwanamke wa miaka arobaini na tatu anavaa visikizi. Anaunyanyua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, anaulaza mapajani, kisha anaanza kuchapa.

Anachapa kwa mkono mmoja. Vidole vyake havitoki nusu ya kulia ya kibodi. Vinazunguka hapo hapo, haraka, kama kuku anayedonoa mbele ya mlango. Nusu ya kushoto imelala. Vumbi limetanda juu ya vitufe vyake, naye halifuti.

"Acha likae," anasema. "Huko sina shughuli."

Masikioni mwake mtu mmoja anamweleza wakili jinsi ukuta wa jirani ulivyosogea kidogo kidogo mpaka ukaingia uani kwake. Yeye anayageuza maneno hayo kuwa maandishi. Lakini ukisoma herufi zilizochapwa juu ya vitufe anavyobonyeza, utadhani anaandika upuuzi. Anabonyeza penye J, kwenye skrini inatokea A. Anabonyeza penye nukta-mkato, inatokea E.

"Vitufe vinasema uongo, skrini inasema kweli," anasema bila kugeuka. "Nilishazoea. Hata watu wako hivyo."

Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja inayonakili mikutano, mashauri na mahojiano. Wenzake walimwita Cherehani. Alikuwa akifikisha maneno sitini na tano kwa dakika, huku akicheka na jirani yake wa meza ya pili. Kazi ikiwa ya haraka, msimamizi hakuuliza nani yupo, aliuliza, "Cherehani kafika?"

Kilichomkuta kilimkuta hapo hapo mezani.

"Nilikuwa nachapa maneno ya mkutano wa wafanyabiashara," anakumbuka. "Mara naona herufi S zinajaa kwenye skrini. Mstari mzima wa S, halafu mwingine, halafu mwingine. Nikajiuliza, nani huyu anabonyeza? Kumbe ni mimi. Kidole changu kimelala juu ya kitufe na sina habari."

Alitaka kumwita jirani yake wa meza ya pili. Sauti ilitoka, maneno hayakutoka.

Kilikuwa kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache. Mguu nao ulirudi, ingawa mpaka leo unaburuta kidogo anapochoka. Mkono wa kushoto haukurudi.

Mkurugenzi wa ofisi alimtembelea hospitali akiwa na kapu la matunda. Akamshika mkono, ule ambao hausikii, akamwambia, "Nafasi yako ipo. Wewe pona tu."

"Nililishika neno hilo," anasema. "Mtu akiwa kitandani hulishika lolote."

Alipotoka hospitali alijipima nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa sebuleni. Mkono wa kulia ulilazimika kusafiri kibodi nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, kutafuta A kule, kurudi kwenye N huku. Alipata maneno tisa kwa dakika. Alipiga hesabu akaona kazi aliyokuwa akiimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa ingemchukua wiki.

Mumewe, ambaye ni msimamizi wa ghala, alianza kumwita "mgonjwa wangu" mbele za wageni. Kisha akahamia chumba cha pili. Alisema ni ili mkewe alale vizuri.

"Nililala vizuri," anasema, na kicheko chake kinakatika katikati. "Kitanda kizima changu. Nani kama mimi?"

Aliyeendelea kuja ni mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta, ambaye ndiye aliyekuwa ameweka mfumo wa Linux kwenye mashine ile ya sebuleni kwa sababu haukuwa na gharama. Yeye na shemeji yake walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi. Siku moja alimkuta akitazama kibodi kama mtu anayemtazama mdeni.

"Shemeji," mwanamke akamuuliza, "hivi hizi herufi nani alizipanga?"

"Watu wa zamani huko, wa mashine za chapa. Mbona?"

"Walinipangia mimi?"

"Walijipangia wao."

"Zinahamishika?"

Fundi akakaa. "Vitufe vyenyewe having'oki, shemeji. Lakini kinachosemwa na kitufe kinabadilika. Hilo tunaliweza."

Akamfungulia faili. Mwanamke alitegemea kuona kitu cha kutisha, akaona maandishi ya kawaida tu. Kila kitufe kina mstari wake, na kwenye mstari kuna nafasi nne. Ya kwanza ni herufi ndogo, ya pili ni herufi kubwa. Ya tatu na ya nne mara nyingi ziko wazi, na zinatumika tu mtu akiziita kwa kitufe cha ziada.

"Nikamwambia, basi kila kitufe kina chumba cha mbele na chumba cha uani," anasimulia. "Akacheka. Nikamwambia usicheke, mimi hapo nahamia na familia nzima."

Walichagua kitufe cha Alt cha kulia kiwe mlango wa uani, kwa kuwa kidole gumba kinakifikia bila kujinyoosha. Hakikuwa cha kushikiliwa. Unakibonyeza, unakiachia, na herufi inayofuata inatoka nyuma. Kwa mkono mmoja, kushikilia kitufe huku unabonyeza kingine ni kuvunja vidole.

Kugawa vyumba ndiko kulikomchukua muda. Alichukua kurasa za kazi zake za zamani akaanza kuzisoma kwa jicho ambalo hakuwahi kuwa nalo. Aliona mara moja kwamba mwenye nyumba ni A.

"Hebu andika 'anapata'. A ngapi hapo? Andika 'wanawake', andika 'tafadhali'. Lugha yetu bila A haitembei. Halafu waliiweka wapi? Kwenye kidole cha mwisho cha kushoto, kile kidogo, tena mkono uliokufa."

A akaihamishia chini ya kidole cha shahada cha kulia, mahali pa J. J ikapelekwa uani. E ikapata kitufe cha nukta-mkato. W, T na S zikapewa vyumba vya uani vilivyo karibu na vidole vyenye nguvu. Q na X alizitimua kabisa. "Kiswahili hakiwajui hao. Wapangaji wasiolipa."

Alizihamisha zote kwa siku moja, kisha akazima kompyuta kwa furaha. Alipoiwasha tena, ikamkatalia neno lake la siri.

Alijaribu mara ya pili. Akajaribu polepole, akitaja kila herufi kwa sauti. Ikakataa. Akampigia fundi simu akilia.

"Neno lako la siri lina herufi gani?" fundi akauliza.

"Siwezi kukutajia, ni siri."

"Shemeji, ingekuwa wazi usingenipigia."

Lilikuwa na Q. Alikuwa ameuweka mpangilio wake mpya utumike mpaka mlangoni pa kuingilia, na Q alishaifukuza. Fundi alikuja akaifungua kompyuta kwa njia za mafundi, na siku hiyo sebule ile ilisikia kicheko baada ya miezi mingi. Mumewe alitokeza kichwa mlangoni.

"Mnacheza nini?" akauliza.

"Tunafanya kazi," mkewe akamjibu.

"Kazi," mume akarudia, akaondoka.

Mwanzo mpangilio mpya ulimpunguzia kasi badala ya kumwongezea. Vidole vilikwenda kwenye nyumba za zamani vikakuta wageni. Aliandika jina lake mwenyewe akalikosea. Lakini aliendelea kila asubuhi, akichapa maneno ya redioni yanavyotoka, na mvua za kwanza zilipoanza alikuwa amefika maneno ishirini na mawili. Ndipo pigo la pili lilipomkuta.

Fundi, kwa nia njema kabisa, aliupandisha mfumo wa kompyuta kwenda toleo jipya. Alitaka mashine iwe salama. Hakukumbuka kwamba mabadiliko yote waliyaandika ndani ya faili la mfumo wenyewe, si kwenye faili lao la pembeni. Toleo jipya lilipoingia lilileta faili lake, safi, kama lilivyotoka kiwandani, likakalia la mwanamke. Nakala haikuwepo.

"Nilibonyeza penye A yangu ikaja J," anasema. "Nikajua. Sikupiga kelele. Nilimtazama tu shemeji."

Fundi mwenyewe, tulipompata kwenye kibanda chake cha kazi, hakupenda kulizungumzia. "Nilitamani ardhi inimeze," alisema. "Mtu kapoteza mkono, halafu unampotezea na mwingine."

Jambo la ajabu ni kwamba kichwa cha mwanamke hakikukumbuka mpangilio ule. Alipoulizwa S iko wapi, hakujua. Akiulizwa D, anakisia. Lakini vidole vilijua. Fundi akamwambia afumbe macho achape maneno yoyote anayoyapenda.

Akachapa "mama". Kwenye skrini ikatokea "mjmj".

Akachapa "kaka". Ikatokea "kjkj".

"Basi J ndiyo A," fundi akasema, akaandika. Wakaendelea hivyo, neno kwa neno: mwanamke amefumba macho anataja majina ya watu wa ukoo wake, fundi anaangalia kidole kimeangukia wapi na kama gumba limegusa mlango wa uani. Shangazi, wajomba, mabinamu, hata marehemu, wote waliitwa siku hiyo. Jioni faili lilikuwa limesimama tena. Safari hii waliliweka peke yake, na nakala wakaihifadhi kwenye flashi ambayo mwanamke aliifunga kwenye kamba akaivaa shingoni.

Alipofikisha maneno thelathini na nane kwa dakika, alimpigia mkurugenzi simu. Wapo watu wenye mikono miwili pale ofisini, anasema, ambao hawafiki hapo. Mkurugenzi akafurahi mno. Akamwambia aje, watamfanyia mapokezi, kisha atapimwa kidogo tu, kwa utaratibu.

Alikwenda na mumewe, aliyevaa suti. Palikuwa na keki na maua. Mpiga picha aliitwa. Walimkalisha mbele ya kompyuta ya mapokezi, wakamwomba aweke mkono wa kulia kwenye kibodi na atabasamu, mkurugenzi akasimama nyuma yake akiwa amemwekea mkono begani. Mumewe akaomba nafasi ya kusema machache. Aliishukuru ofisi kwa niaba ya mgonjwa wake.

"Mimi nipo hapo nimekaa," anasema. "Ninaongea. Ulimi ulisharudi. Ananishukurulia."

Baada ya keki walimwingiza chumba cha majaribio. Kompyuta iliyokuwepo ilikuwa na Linux vilevile, kama ofisi nzima. Akaivua flashi shingoni. Akamwomba mtunza mitambo aliweke faili lake.

"Dada, mashine za ofisi haziguswi," mtunza mitambo akasema.

"Si kugusa mashine. Ni faili moja. Ni dakika moja, nitakuonyesha."

"Sina ruhusa."

Akaitwa msimamizi, yuleyule aliyekuwa akiuliza kama Cherehani kafika. Msimamizi akaenda kwa mkurugenzi, akarudi akitazama sakafu.

"Anasema tukikufungulia wewe, kesho kila mtu atataka ya kwake. Jaribu tu hivyohivyo, dada. Tunajua hali yako, hatutakubana."

Alijaribu hivyohivyo. Vidole vilikwenda penye A vikapata J. Alipojilazimisha kufuata herufi zilizoandikwa, mkono ulianza tena ile safari ya ukingo hadi ukingo. Alipata maneno kumi na moja.

"Dada, umejitahidi sana," msimamizi akamwambia. Wakamfungia kipande cha keki aende nacho.

Njiani mumewe alisema, "Mshukuru Mungu walikukumbuka."

"Hapo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaondoa vidole kwenye kibodi, "hapo ndipo nilipojua kwamba naishi na mgeni."

Bado wanaishi nyumba moja. Mume, alipozungumza na mwandishi getini, alisema hana la kuongeza: ofisi ilifanya utu, mkewe ana moyo mgumu. "Kiharusi kiliacha kichwa chake salama," alisema. "Wakati mwingine natamani kingemlainisha kidogo."

Mwenye saluni ndiye aliyempa chumba. Ni shoga yake wa siku nyingi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. "Nilimwambia aje akae hapa, angalau apate wa kugombana naye," anasema huku akimpaka mteja dawa ya nywele. "Kule kwake wanagombana kimya kimya. Ugomvi wa kimya huo unaoza, mwenzangu."

Kazi anazipata kutoka kwa mawakili wawili na mwanafunzi mmoja wa chuo anayefanya utafiti. Kipato ni kama theluthi ya mshahara wake wa zamani, na kuna miezi haifiki hata hapo. Anachapa maneno arobaini na nne kwa dakika sasa. Hajawahi kurudisha kazi iliyochelewa.

Mwanzoni mwa mwaka huu mteja mmoja wa saluni alimwambia amemwona kwenye ofisi yake ya zamani. Mwanamke akasema hapana, labda umenifananisha. Mteja akasisitiza: picha kubwa, mapokezi, ukutani, nawe unatabasamu.

Alikwenda kuangalia. Picha ilikuwa ile ya siku ya keki, imewekwa fremu nzuri. Chini yake pameandikwa: *Kwetu kila mkono una nafasi.*

"Niliisoma mara mbili," anasema. "Kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Halafu nikatazama mezani. Pale ninapoonekana nimekaa, amekaa binti mwingine, anapokea simu. Akaniuliza, 'Nikusaidie nini, mama?' Yuko chini ya uso wangu na hanijui."

Aliomba picha iondolewe. Alijibiwa kwamba ni mali ya ofisi. Akauliza, na uso ni mali ya nani? Aliambiwa asubiri mkurugenzi atoke kikaoni. Alisubiri mpaka mguu ukaanza kuburuta, akaondoka.

Mwandishi alipoipigia ofisi hiyo simu, msemaji wake alisema kwamba picha hiyo inawatia moyo wageni wengi, na kwamba mhusika alipewa nafasi sawa na wengine katika jaribio. Kuhusu faili alisema hana taarifa.

Kwenye kiti cha plastiki kando ya kompyuta kuna karatasi zilizoandikwa kwa penseli: michoro ya kibodi, herufi zimefutwa na kuandikwa upya. Safari hii herufi zote zimejazana upande wa kushoto.

Ni za mwanamume aliyekuja hapa wiki mbili zilizopita. Alikuwa karani wa bohari mpaka mkanda wa mashine ulipoukata mkono wake wa kulia juu ya kiwiko. Alisikia habari za mwanamke wa nyuma ya saluni kutoka kwa fundi. Aliingia, akasimama mlangoni.

"Nimeambiwa unauza herufi," alisema.

"Siuzi," mwanamke akamjibu. "Kaa. Una vidole vyote vitano hapo?"

"Vyote."

"Basi una kimoja zaidi yangu. Changu cha pete siku hizi kinauma."

Mpangilio wake mwenyewe hauwezi kumfaa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo ameanza upya kabisa. A itabaki karibu na ilipokuwa lakini itashuka kwenye kidole chenye nguvu. N, I na U, ambazo zinaishi kulia, zinatafutiwa vyumba vya mbele. Karani anakuja kila asubuhi saluni inapofunguliwa, anachapa majina ya ukoo wake, na mwanamke anatazama vidole vinaangukia wapi. Jana walifika maneno kumi na matatu. Karani alitaka kukata tamaa, akagombezwa vya kutosha mpaka wateja wa saluni wakazima mashine wasikie.

Mwanamke ana jambo jingine analolitaka. Wapo watu wanaotunza orodha ya mipangilio ya kibodi inayokuja na mfumo, ile ambayo mtu anaichagua tu bila kuongeza faili lolote. Mpangilio ukiwa humo, hakuna mtunza mitambo atakayesema mashine haziguswi, kwa sababu utakuwa umo ndani tayari. Mwaka jana, kwa msaada wa shemeji, aliwaandikia na kuwatumia faili lake. Walimjibu kwa adabu. Walisema kazi ni nzuri, lakini hawawezi kuweka mpangilio unaotumiwa na mtu mmoja.

"Sikukasirika," anasema, kisha anafikiri. "Nilikasirika. Lakini hao angalau walifungua faili wakasoma."

Mlango unagongwa. Ni karani, mkono mtupu wa shati lake umefungwa pini, amechelewa na anaomba radhi. Mwanamke anamwonyesha kiti kwa kidevu. Anaivua flashi shingoni, anaichomeka, anafungua faili ambalo bado halina jina.

Anapanga kuwaandikia tena wale wa orodha kabla mwaka haujaisha, anasema, akiweka jina la karani chini ya lake. Huyu akishaweza, atatafuta wa tatu.

"Sifanyi kwa wema," anasema, asije mwandishi akaandika vingine. "Wema waulizeni wenye picha ukutani. Mimi nataka wale wa orodha waone kwamba tuko wengi, waseme wenyewe sasa." Anamgeukia karani. "Haya, funga macho. Anza na mama yako."

Karani anafumba macho, na kidole chake kinaanza kuitafuta M.